Kuhesabu mashine za figo si kupima huduma

Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, mjadala kuhusu wagonjwa wa figo nchini Kenya umekuwa mjadala wa mashine. Viongozi hutangaza ni mashine ngapi zimeletwa, zimewekwa katika hospitali zipi na zimegharimu kiasi gani. Utepe hukatwa, picha hupigwa na habari hukomea hapo. Ni nadra mno kusikia likiulizwa swali ambalo kwa mgonjwa aliyelala kando ya mashine hiyo ndilo la kwanza na la mwisho: je, damu yake imesafishwa ipasavyo?

Swali hili linawagusa wakazi wa Mombasa bara kwa namna ya pekee. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kati yao, ni 154,171 tu waliohesabiwa Mvita, yaani kisiwani. Waliosalia, watu 1,054,162, walikuwa ng'ambo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Kwa maneno mengine, karibu watu tisa katika kila kumi wa kaunti hiyo hulala upande wa pili wa maji.

Hata hivyo, hospitali kubwa zimebaki kisiwani. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo ndiyo ya rufaa kwa kaunti zote sita za ukanda huo, iko huko. Hospitali za kibinafsi zenye majina makubwa, zikiwemo Aga Khan, Mombasa Hospital na Pandya, ziko huko pia. Ni kweli kuwa vituo vidogo vya kusafisha damu vimechipuka katika miji mingi ya Kenya tangu bima ya taifa ianze kulipia huduma hiyo. Lakini kwa mgonjwa mahututi, kwa anayehitaji kupasuliwa au kuonwa na daktari bingwa wa figo, safari ya kwenda kisiwani haina budi kufanywa.

Safari hiyo si jambo dogo. Wa Kisauni hupitia Daraja la Nyali na wa Changamwe hupitia Makupa, kote kukiwa na msongamano wa magari. Wa Likoni huitegemea feri, chombo ambacho historia yake imejaa machozi. Mnamo Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua watu 272. Septemba 2019 gari lilitumbukia baharini kutoka kwa feri ya Likoni, mama na bintiye wakaangamia. Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya kuzuia maambukizi ya korona, polisi waliwatawanya kwa nguvu abiria waliosongamana kivukoni. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kuzunguka kwa walio na magari, lakini kwa mtembea kwa miguu feri ingali ndiyo barabara.

Mgonjwa wa figo huenda safari hiyo mara mbili kila wiki, maisha yake yote. Anakwenda akiwa amevimba na kuishiwa pumzi. Anarudi akiwa amechoka, shinikizo la damu limeshuka, na pengine kizunguzungu kimemshika kabla hajaupanda mteremko wa kivuko. Akichelewa kwa saa moja, kituo chenye zamu tatu kwa siku kitalazimika kuchagua kati ya kumkatia muda wake au kumcheleweshea mwenzake. Hapo ndipo suala la umbali linapogeuka kuwa suala la ubora.

Saa nane badala ya 168

Ili kuelewa ni kwa nini muda una uzito kiasi hicho, ni muhimu kukumbuka kazi ya figo. Figo nzima huchuja damu usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Zinapokufa, taka na maji hubaki mwilini, madini ya potasiamu huongezeka na moyo unaweza kusimama ghafla. Mashine huichukua damu nje ya mwili, ikaipitisha katika chujio lenye utando mwembamba, kisha ikairudisha. Utaratibu huo, ambao wengi huuita dayalisisi, uliwezekana kutokana na kazi ya Dkt Willem Kolff nchini Uholanzi mnamo 1943. Ulianza kuwa tiba ya kudumu mwaka 1960, wakati Dkt Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alipobuni njia ya kuiunganisha mashine na mishipa ya mgonjwa mara kwa mara.

Kiwango kilichozoeleka katika nchi zenye uwezo ni saa nne, mara tatu kwa wiki. Nchini Kenya, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) ilipoanza kugharimia huduma hii mwaka 2015, ilikubali kulipa mara mbili kwa wiki, Sh9,500 kila mara. Huo ulikuwa ukombozi mkubwa. Kabla ya hapo, familia nyingi ziliuza mashamba na kufanya michango hadi zikaishiwa, kisha zikamzika mgonjwa. Hakuna anayepaswa kuupuuza ufanisi huo.

Lakini mara mbili kwa wiki ni saa nane pekee kati ya 168. Mgonjwa anayeishi kwa saa nane hana akiba ya kupoteza. Nusu saa ikipunguzwa katika kila zamu, amenyimwa saa moja kati ya nane. Kwa mwaka mzima wenye zamu 104, hizo ni saa 52, sawa na zamu 13 ambazo bima imezilipia na yeye hakuzipata. Hatalalamika, kwa sababu kuondoka mapema humfurahisha mtu aliyechoka na anayewazia foleni ya feri. Madhara yatajitokeza baadaye: hamu ya chakula itapotea, miguu itavimba, moyo utapanuka.

Kipo kipimo rahisi cha kugundua hali hiyo. Damu hupimwa kiwango cha urea kabla na baada ya zamu. Mwongozo unaotumiwa na mabingwa wengi duniani kwa wagonjwa wa mara tatu kwa wiki unataka urea ipungue kwa angalau asilimia 65 katika kila zamu. Anayesafishwa mara mbili anahitaji uangalizi mkali zaidi, wala si hafifu zaidi. Kipimo hiki hakihitaji maabara ya ajabu. Kinahitaji mtu wa kukiagiza, mtu wa kukisoma na mtu wa kuuliza ni kwa nini matokeo ni mabaya.

Pesa hulipia nini?

Mnamo Oktoba 1, 2024, NHIF iliondoka na nafasi yake ikatwaliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Malipo ya kusafisha damu yaliongezwa hadi Sh10,650 kwa kila zamu. Kwa zamu 104, mgonjwa mmoja hugharimu zaidi ya Sh1.1 milioni kwa mwaka. Hizo ni fedha nyingi za umma, na ni haki ya mlipa kodi kujua zinanunua nini.

Kwa hakika, zinanunua zamu. Malipo ni yale yale, iwe zamu ilidumu saa tatu au saa nne, iwe urea ilipungua kwa asilimia 70 au 40, iwe maji yaliyotumika yalipimwa jana au mwaka jana. Mfumo wa namna hii humpa mwenye kituo sababu ya kuongeza idadi ya zamu, wala haumpi sababu ya kuziboresha. Mwenye kituo mwadilifu atafanya kazi nzuri na kulipwa sawa na jirani yake anayelipua. Soko la aina hiyo humwadhibu mwema.

Kasoro hii ilianzia mbali. Mnamo Februari 2015 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya matibabu kwa miaka saba, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa Sh38 bilioni. Kampuni ya Bellco kutoka Italia ndiyo iliyopewa sehemu ya mashine za figo. Kila kaunti, Mombasa ikiwemo, ilianza kukatwa Sh95 milioni kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kikapanda hadi Sh200 milioni. Kamati maalum ya Seneti iliyoongozwa na Bi Fatuma Dullo ilichunguza mpango huo na katika ripoti yake ya mwaka 2020 ikaukashifu vikali, ikiufananisha na uhalifu. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bure katika kaunti mbalimbali kwa kukosa umeme, maji, vyumba au wahudumu.

Haikosi faida kutambua kuwa mpango huo pia uliwaokoa wengi. Wagonjwa waliokuwa wakisafiri hadi Nairobi walianza kupata huduma katika kaunti zao. Kosa lilikuwa kuamini kwamba mashine ikishafika, tiba imefika. Mpango uliokuja baadaye, unaofahamika kwa kifupi kama NESP, umebadilisha utaratibu ili mwenye vifaa alipwe kwa kila huduma inayotolewa badala ya kulipwa hata mashine zikiwa zimefunikwa vitambaa. Hiyo ni hatua mbele. Hata hivyo, kinachohesabiwa kingali ni kile kile: idadi.

Maji usiyoyafika

Katika vitu vyote vinavyohitajika kusafisha damu, hakuna kinachosahaulika kama maji. Mashine ya kawaida hutumia takriban nusu lita ya maji yaliyochanganywa na madini kwa kila dakika. Kwa saa nne, hiyo ni lita 120. Mtu mzima mwenye afya hunywa lita mbili hivi kwa siku, nayo hupitia tumboni ambako mwili una kinga. Mgonjwa wa figo anayesafishwa mara mbili kwa wiki hukutanishwa na lita 240, zikitenganishwa na damu yake na utando mwembamba tu. Kiasi kidogo cha sumu ambacho hakimdhuru mnywaji wa kawaida kinaweza kumuua yeye.

Ndiyo maana kila kituo kinapaswa kuwa na mtambo wa kuyachuja maji kwa hatua kadhaa: kuondoa mchanga, kulainisha, kuondoa klorini kwa mkaa maalum, kisha kuyasukuma kwa nguvu katika utando unaozuia chumvi na bakteria. Klorini ikipita, chembechembe nyekundu za damu hupasuka. Madini ya aluminiamu yakipita kwa muda mrefu, mifupa na ubongo huharibika. Viwango vya kimataifa vinataka bakteria wasizidi 100 katika mililita moja ya maji hayo, na kipimo kirudiwe mara kwa mara.

Sasa tuitazame Mombasa. Maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yote kwa pamoja hayajawahi kukidhi mahitaji ya mji huu unaopanuka. Mgao ni jambo la kawaida. Katika mitaa mingi ya Likoni, Kisauni na Changamwe, mifereji hukauka kwa siku nyingi, na watu hununua maji ya mikokoteni, ya maboza au ya visima vyenye chumvi. Maji ya leo si ya jana. Mtambo uliopangwa kuchuja maji ya bomba hauwezi kutarajiwa kuyamudu maji ya kisima cha chumvi au ya boza lisilojulikana lilikochota bila kurekebishwa na kukaguliwa upya.

Hatari hii si ya kubuni. Mnamo Februari 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kituo kimoja cha kusafisha damu kiliishiwa na maji wakati wa ukame. Maji yaliletwa kwa malori kutoka bwawa, bila kutibiwa kikamilifu. Yalikuwa na sumu itokayo kwa viumbe vidogo vya majini vinavyofanana na mwani. Wagonjwa 116 kati ya takriban 130 waliugua, wakiona kiwi, wakitapika na kuishiwa nguvu. 100 kati yao ini liliharibika. Kufikia mwisho wa mwaka huo vifo 52 vilikuwa vimehusishwa moja kwa moja na sumu hiyo. Mashine zao hazikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: maji haya yametoka wapi?

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katika vituo vya figo, maji usiyoyapima hujui ubaya wake. Kila kituo cha Mombasa, kiwe cha umma au cha kibinafsi, kinapaswa kuweza kumwonyesha mgonjwa karatasi ya kipimo cha mwisho cha maji, ikiwa na tarehe. Kituo kisichoweza hakistahili kuwa wazi.

Shingo, mkono na sindano

Jambo la tatu ni njia ya kuitoa damu mwilini. Njia bora, iliyovumbuliwa na madaktari wa New York na kutangazwa mwaka 1966, ni ya daktari wa upasuaji kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi ili upanuke na kudumu kwa miaka. Upasuaji huo ni mdogo, lakini mshipa unahitaji majuma kadhaa kukomaa. Kwa vile wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa tayari mahututi, huanza kwa mrija, au katheta, unaoingizwa shingoni. Mrija huo ulikusudiwa kuwa wa muda. Pale upasuaji unapocheleweshwa na fedha au uhaba wa wataalamu, mgonjwa hubaki nao kwa miezi.

Katika joto na unyevu wa Pwani, mrija wa shingoni ni mlango wazi wa maradhi. Jasho hulowesha kitambaa, vumbi la matatu na tuktuk hukichafua, na bakteria huingia moja kwa moja karibu na moyo. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi katikati ya zamu huenda hana malaria kama anavyodhaniwa. Huenda damu yake imeingiliwa na viini kupitia mrija. Kituo kinachojali ubora huhesabu ni wagonjwa wangapi wangali na mrija shingoni, na ni wangapi wamepata maambukizi mwezi huo.

Sambamba na hilo ni homa ya ini aina ya B na C, ambazo husambaa kwa damu. Utaratibu unajulikana: wagonjwa wote wapimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye, wachanjwe dhidi ya aina ya B, na wenye aina hiyo watengewe mashine yao. Mgonjwa aliyeingia akiwa salama na baadaye akapatikana na homa hiyo anapaswa kuzua uchunguzi siku hiyo hiyo.

Kazi hii yote hufanywa na wauguzi waliosomea maradhi ya figo na mafundi wanaoijua mitambo. Hao ndio wachache zaidi. Kenya imeshuhudia mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, mgomo wa wauguzi uliodumu miezi mitano mwaka 2017, na mgomo mwingine wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024. Mgonjwa wa kawaida huahirisha matibabu. Wa figo hawezi kuahirisha kwa zaidi ya siku chache. Vivyo hivyo kwa umeme. Taifa zima lilipotumbukia gizani usiku wa Agosti 25, 2023, kituo kisicho na jenereta ya uhakika kilikuwa na damu ya watu ndani ya mipira.

Deni linapomfikia mgonjwa

Wapo watakaosema kuwa kudai ubora katika nchi yenye uhaba ni anasa, na kwamba masharti makali yatafunga vituo vichache vilivyopo na kuwaua wale wanaokusudiwa kulindwa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Mwenye kituo kidogo ng'ambo ya pili analipa kodi ya nyumba, umeme, maji ya boza na mishahara, huku akisubiri malipo ya bima. Mwezi Oktoba 2024, wakati wa kuhamia SHA, mitambo ya malipo ilikwama na wagonjwa wa figo na saratani katika sehemu mbalimbali za nchi wakatakiwa kulipa taslimu. Februari 2025, muungano wa hospitali za kibinafsi, RUPHA, uliwatangazia wanachama wake kusitisha huduma za SHA bila malipo taslimu, ukidai madeni makubwa yaliyoachwa na NHIF. Mwezi uliofuata Rais William Ruto aliagiza hospitali zenye madai ya Sh10 milioni kwenda chini zilipwe.

Lakini ni hapo hasa ambapo ubora unastahili kupimwa. Kituo kisicholipwa hakipunguzi kile kinachoonekana. Viti vitabaki, mashine zitawaka taa, na bango la nje litapakwa rangi. Kinachopunguzwa ni kile ambacho mgonjwa haoni: utando wa kuchujia maji unaopaswa kubadilishwa, kipimo cha bakteria, chujio linalotumiwa tena kupita kiasi, muuguzi wa pili wa zamu ya usiku, nusu saa ya mwisho. Deni la serikali humfikia mgonjwa likiwa limebadilika sura. Kwa hivyo, kulipa kwa wakati na kupima ubora ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Serikali haiwezi kudai la pili kabla ya kutimiza la kwanza.

Isitoshe, kupima si lazima kuanze kwa kufunga. Marekani iliamua kwa sheria ya mwaka 1972 kuwagharimia karibu wagonjwa wote wa figo, miaka kumi tu baada ya kamati ya raia huko Seattle kujulikana kwa kazi ya kuchagua nani asafishwe damu na nani aachwe. Kwanza ilifungua milango. Kuanzia mwaka 2001 ikaanza kuchapisha takwimu za kila kituo ili wagonjwa wazilinganishe, na kuanzia 2012 kituo kinachofanya vibaya kikaanza kukatwa hadi asilimia mbili ya malipo. Mfumo huo una wakosoaji wake wengi, na faida kubwa za kampuni za huko zimezua maswali. Somo lake hata hivyo ni bayana: mgonjwa alianza kulindwa pale matokeo yalipowekwa wazi.

Takwimu sita tu

Mombasa inaweza kuanza na mambo sita. Kila kituo kitangaze, ukutani na kwa kaunti, kila baada ya miezi mitatu: wastani wa muda halisi wa zamu; asilimia ya wagonjwa waliofikia kiwango cha kupunguza urea; idadi ya walio na mrija shingoni na waliopata maambukizi; idadi ya waliopata homa ya ini wakiwa kituoni; tarehe na matokeo ya vipimo vya maji; na idadi ya waliolazwa hospitalini au kufariki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mashine mpya.

Wenye mamlaka ya kulitekeleza hili wapo. Baraza la Madaktari, KMPDC, ndilo linalotoa leseni. SHA ndiyo inayolipa, na anayelipa ana haki ya kuuliza. Serikali ya kaunti ina jukumu la huduma za afya chini ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Bunge la Kaunti lina kamati ya afya. Kinachohitajika ni mmoja wao kuacha kumsubiri mwenzake.

Aidha, ramani ya huduma yafaa ichorwe upya kwa kufuata watu waliko. Ikiwa watu 87 katika kila 100 wa kaunti wanaishi bara, basi Likoni, upande wa Changamwe na Jomvu, na upande wa Kisauni na Nyali, kila mmoja unastahili kituo cha umma chenye mashine, maji ya uhakika, jenereta na wahudumu wa kutosha. Wataalamu pia wazingatie njia ya kusafisha damu kupitia tumbo, ambayo mgonjwa hujifanyia nyumbani. Thailand iliifanya njia hiyo kuwa chaguo la kwanza katika bima yake ya umma mwaka 2008. Ina masharti ya usafi na inahitaji vifaa kufika kwa wakati, lakini haimvushi mtu feri mara mbili kwa wiki.

Kupandikizwa figo kungali ndiyo tiba bora kwa anayefaa. Hata hivyo, mnamo Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia madai ya biashara ya viungo. Tukio hilo lilidhihirisha jinsi wagonjwa waliokata tamaa na maskini wanaotafuta pesa wanavyoweza kugeuzwa bidhaa pale usimamizi unapolegea. Mgonjwa anayehudumiwa vyema kwenye mashine ana muda wa kumngojea mfadhili halali.

Juu ya yote, idadi ya wanaofika kwenye mashine inaweza kupunguzwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kuwa karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wamewahi kupimwa. Shinikizo hilo na kisukari ndiyo miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kufa. Kipimo cha shinikizo katika zahanati ya mtaa hugharimu dakika mbili. Tiba yake ni vidonge vya kila siku. Ikilinganishwa na Sh1.1 milioni kwa mwaka, hiyo si gharama.

Kwa sasa, hata hivyo, wapo watu wa Mtongwe, Mikindani na Mishomoroni ambao figo zao zimekwisha kufa, na ambao kesho alfajiri wataondoka nyumbani kuelekea kwenye mashine. Hawana nafasi ya kurudi nyuma na kujikinga. Wanachoweza kufanya ni kuuliza, na hawafai kuogopa: nimesafishwa kwa saa ngapi leo? Urea yangu imepungua kwa kiasi gani? Maji haya yalipimwa lini? Muuguzi mwema hatakasirika akiulizwa. Na kaunti inayotaka kujisifu kwa mashine zake ianze kwa kuyajibu maswali hayo matatu hadharani, kituo kwa kituo, kabla ya kukata utepe mwingine.